Diski ya breki ya mbele imegandana na habu (kitovu cha gurudumu)

Kaka, kabla ya kuipiga hiyo diski nyundo, iangalie vizuri usoni. Corolla nyingi za zamani zina matundu mawili madogo yenye nyuzi katikati ya stadi za tairi (bolti zinazoshika tairi). Yasafishe, funga humo bolti za M8 (unene wa milimita 8), kaza hii kidogo na ile kidogo, itatoka yenyewe. Kalipa, ile inayobana pedi za breki kwenye diski, ining'inize kwa waya, isibebwe na mpira wa breki.

Kazi kubwa iko kwenye habu: sugua kutu yote kwa brashi ya waya, la sivyo diski mpya itakaa upande na usukani utatetemeka ukikanyaga breki. Futa mafuta ya kiwandani kwenye diski. Badilisha pande zote mbili, na pedi mpya. Pampu pedali mpaka ikaze, ndipo uondoke.