Nyumba Zimeshuka Bei Kanada, Mbona Bado Napanga?

Mjomba ameandika kwenye kundi letu la familia kwamba nyumba za huku zimeanguka bei, na anayelipa kodi wakati kama huu anatupa pesa. Binamu zangu wa Kiamunyi wakaunga mkono. Sikujibu papo hapo kwa sababu jibu ni refu, na sehemu yake inawahusu ninyi.

Kweli zimeshuka. Eneo la Toronto, pamoja na huku Brampton ninakoishi, wastani wa bei ya nyumba ulipita dola za Kanada 1,300,000 Februari 2022. Siku hizi unazunguka karibu na milioni moja. Chanzo kikubwa ni riba. Wakati wa korona Benki Kuu ya Kanada iliweka riba yake kwenye 0.25%, watu wakakimbilia mikopo. Kufikia Julai 2023 ilikuwa 5%. Imeteremshwa tangu Juni 2024, lakini wanunuzi hawajarudi kwa ile kasi. Tena Januari 2024 serikali ikatangaza kupunguza vibali vya wanafunzi wa kigeni, na vile vyumba vya chini ya nyumba walivyokuwa wakipanga wanafunzi vikaanza kukaa vitupu. Mwaka huu mwenye nyumba wangu ndiye aliyenipigia simu kuuliza kama nitaendelea kukaa, na kodi hakuongeza.

Nakuru mtu hununua ploti ya hamsini kwa mia, akaiacha. Akipata pesa za Sacco anamwaga msingi, mwaka mwingine kuta zinafika linta, mabati yanakuja Mungu akijalia. Ploti ikishuka bei hajui, wala halimkoseshi usingizi, kwa kuwa hadaiwi. Kenya nzima mikopo ya nyumba ya benki ni kama 30,000 tu. Huku wengi wetu tunanunua kwa mkopo wa miaka 25 au zaidi, na nyumba ikishuka bei, deni linabaki palepale.

Sasa hilo la kutupa pesa. Tuseme nimekopa dola 500,000 kwa riba ya 4.5%. Kila mwezi nalipa kama 2,770. Mwezi wa kwanza, 1,860 kati ya hizo ni riba, zinazopunguza deni ni kama 910. Bado ushuru wa manispaa, bima, gesi ya kupasha nyumba joto, na paa likivuja ni langu. Nyumba ya 600,000 ikishuka asilimia tano kwa mwaka, 30,000 zimekwenda, ilhali mwaka mzima deni nimelipunguza kwa kama 11,000. Na hiyo riba haifungwi miaka 25. Wengi huifunga miaka mitano, kisha mkataba unaandikwa upya kwa riba ya siku hiyo. Waliofunga chini ya 2% mwaka 2021 zamu yao ni 2026.

Kuna jamaa wa Njoro tunayesali naye. Mwaka 2021 alinunua kondo, yaani fleti yako mwenyewe ndani ya jengo la ghorofa, ikiwa bado ramani, dola 600,000, akalipa 120,000 kidogo kidogo wakati jengo linapanda. Lilipokamilika, mthamini wa benki akaandika 480,000. Benki hukopesha kwa bei ya mthamini, na 80% ya hiyo ni 384,000. Yeye alikuwa bado anadaiwa 480,000. Pengo la dola 96,000, karibu shilingi milioni tisa, alitakiwa alijaze taslimu, la sivyo apoteze alizokwisha lipa na tena mjenzi amshtaki kwa hasara. Alinionyesha ile ripoti tukiwa garini nje ya kanisa. Ile tarakimu ya mthamini alikuwa ameizungushia kalamu mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka. Ameuza ploti zake mbili za Lanet, na pesa zilizopungua amekopa kwa kaka yake.

Mtasema basi ningoje bei ifike chini kabisa. Hapo chini hakuna anayepajua mpaka papite. Toronto ilishawahi kuanguka: mwaka 1989 wastani ulikuwa kama dola 273,000, mwaka 1996 ukawa 198,000, na haukurudi ulipokuwa mpaka 2002. Aliyenunua 1989 na kazi yake ikadumu, aliishi humo, akalea watoto, maisha yakaendelea. Aliyeumia ni aliyefutwa kazi au ndoa ikavunjika 1993, akalazimika kuuza. Kwa hiyo mimi bei siiogopi sana. Naogopa kulazimika kuuza.

Na hapo ndipo mnapoingia ninyi. Ukinunua kwa malipo ya awali yaliyo chini ya 20%, mkopo unawekewa bima, na gharama za nyumba hazitakiwi kuzidi 39% ya mapato yako, madeni yote yakijumlishwa 44%. Wanakupima kana kwamba riba iko juu kwa pointi mbili zaidi. Ni kipimo kikali, ila mkopo wa gari wanauhesabu, kadi wanaihesabu, dawa za presha za Mama hawazihesabu. Karo hawaihesabu, wala mchango wa matanga. Benki imeniambia nimefuzu. Lakini imehesabu na zamu zangu za ziada za usiku kwenye nyumba ya wazee, ambazo ndizo zinazokuja huko kwenu kila mwezi.

Kwa hiyo mwaka huu sinunui. Kondo sitaki, ada zake za mwezi zinapanda bila mtu kukuuliza. Natafuta nyumba ndogo ya kupakana ukuta na jirani, itakayolipika kwa mshahara wa zamu za kawaida tu, na akiba ya miezi sita iwe pembeni. Nikifika hapo nitanunua hata kama bei bado zinateremka, maana sasa muuzaji anakubali umlete mkaguzi na usubiri benki kabla ya kujifunga. Mwaka 2021 aliyeomba hivyo alipitwa na wenzake.

Shangazi, uliyeuliza kama unaweza kuuza shamba la Molo ununue kondo huku: sheria imewazuia wasio raia wala wakazi wa kudumu kununua nyumba za kuishi mijini tangu Januari 2023 hadi mwanzo wa 2027. Hata ingekuwa ruhusa, shamba usiuze.

Karo ya mwaka huu ya kitindamimba niliahidi, nitailipa. Ya mwaka ujao naomba tuzungumze Desemba nikija, sote tukiwepo, kabla sijatia sahihi popote. Mama nimeshamweleza.