Ndege inaendeshwa "na" kompyuta au "kwa" kompyuta?

Swali limetoka Mwanga, Kigoma. Kijana anaandika: "Shikamoo mwalimu. Mama kagoma kupanda ndege kwenda Dar kisa kasikia redioni kwamba ndege za siku hizi zinaendeshwa na kompyuta. Mimi nasema ilitakiwa iwe kwa kompyuta, kaka anasema ni yale yale. Nani yuko sahihi? Na je, rubani otomatiki ni Kiswahili?"

Marahaba mwanangu. Uko sahihi wewe, na wala siyo yale yale, na nimefurahi umeuliza maana hii "na" ya watangazaji imenichosha siku nyingi. Mwizi kapigwa na fimbo, barua imeandikwa na kompyuta, mlango umevunjwa na nyundo. Fimbo ilitoka wapi yenyewe ikampiga mtu? Ukisema kitu kimetendwa, "na" inamleta mtendaji, "kwa" inaleta kifaa, basi.

Nenda Kibirizi asubuhi umuangalie mama anayepasua migebuka. Anashika mkia, anapitisha kisu mgongoni, anautandaza, anavuta mwingine. Umepasuliwa na nani? Na mama. Kwa kitu gani? Kwa kisu. Ukiniambia mgebuka umepasuliwa na kisu umeshamfuta yule mama pale mezani, na yeye ndo anajua apasue wapi na aishie wapi. Ila kisu kikiteleza kikamchana kidole atasema nimekatwa na kisu, na hapo kasema sawasawa kabisa, kwa sababu hakuna aliyekituma.

Turudi kwenye ndege. Airbus A320, iliyoanza kubeba abiria 1988, ndo ndege ya abiria ya kwanza kuongozwa kwa kompyuta za kidijitali. Rubani anasukuma kifimbo, amri inapita kwenye nyaya za umeme mpaka kwenye kompyuta, kompyuta inaangalia kama amri hiyo haitailaza ndege kupita kiasi au kuinua pua mpaka mabawa yashindwe kubeba, halafu ndo haidroliki, yaani mafuta yanayosukumwa kwa nguvu kwenye mabomba, inasogeza vibao vya kwenye mabawa na mkia. Na siyo kompyuta moja, zipo saba, zile za aina kuu mbili zimetengenezwa tofauti na programu zake zimeandikwa na timu tofauti (hapo "na" imekaa vizuri, timu ni watu) ili kosa moja lisiziangushe zote. Januari 15, 2009 A320 iligonga bata bukini ikitoka New York, injini zote mbili zikafa, rubani Chesley Sullenberger akaishusha kwenye mto Hudson na watu wote 155 wakatoka hai. Kompyuta zilikuwa kazini zinazuia pua isipande kupita kiasi, lakini mto aliuchagua yeye. Ilirushwa na rubani, kwa kompyuta.

Sasa kisu kilichoteleza. Boeing 737 MAX, ambayo kwa sehemu kubwa bado inaongozwa kwa nyaya za chuma za mtindo wa zamani, iliwekewa programu inaitwa MCAS iliyokuwa inasukuma pua chini yenyewe, kwa kuamini kihisi (sensor) kimoja tu, na mwanzoni marubani hata hawakuambiwa kwamba ipo. Kihisi kikadanganya. Oktoba 2018 ikaanguka ya Lion Air huko Indonesia, Machi 2019 ikaanguka ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi, jumla watu 346. Rubani anavuta juu, yenyewe inashusha. Pale mtangazaji akisema pua ilisukumwa na kompyuta sina neno, kasema kweli. Ndege hizo zikazuiwa dunia nzima mpaka mwishoni mwa 2020, MCAS ikabadilishwa ilinganishe vihisi viwili na isiweze kumzidi rubani nguvu.

Ndo maana siwezi kuiachia hii "na" itumike hovyo. Anayesema kila ndege inaendeshwa na kompyuta hawezi tena kumweleza mama yako tofauti ya Hudson na Addis Ababa, na mama kaogopa neno ambalo mtangazaji hakulipima. Mwambie zile pangaboi za Q400 alizozoea kuziona zikitua Kigoma zinaongozwa kwa nyaya za chuma na haidroliki. Airbus A220, ile ya jeti, ndo ya kompyuta, na nayo ina marubani wawili pale mbele.

Rubani otomatiki? Rubani ni neno la Kiarabu, mtu wa kuongoza chombo baharini, kwa hiyo kuiita mashine rubani kunanikera kidogo. Ila watu wameshalizoea na halimpotoshi mtu, maana mashine hiyo rubani ndo anaiwasha, anaipa njia na kimo cha kuruka, na akitaka anaizima kwa kitufe hapo hapo mkononi. Litumieni.