Dawa Mpya na Usingizi Uliotoweka: Je, Ugonjwa Umerudi?

SWALI: Daktari, baada ya salamu. Mdogo wangu ana skizofrenia, na kwa miaka miwili ametumia olanzapini miligramu 15 kila usiku. Sauti alizokuwa akizisikia zilinyamaza, ila ameongezeka kilo 19 na sukari imeanza kupanda. Kliniki inamhamishia kwenye aripiprazoli: kwa sasa anameza zote mbili, huku ile ya zamani ikipunguzwa. Hii ni wiki ya tatu. Usiku hapati usingizi, na jioni hatulii kitini. Mama anasema ugonjwa umerudi na anataka tumrudishie dozi ya zamani. Tufanyeje?

JIBU: Hofu ya mama ina msingi, kwa kuwa kukosa usingizi ni miongoni mwa dalili za mwanzo za ugonjwa kurudi. Hata hivyo, kubadilisha dawa kwenyewe kunatosha kumkosesha mtu usingizi. Olanzapini huziba pia vipokezi vya histamini, kemikali inayosaidia kumweka mtu macho, na ndiyo maana huleta usingizi; ikipunguzwa, usingizi huo nao huondoka. Aripiprazoli kwa upande wake haiizimi kabisa kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na ugonjwa huu, bali huiacha kwa kiasi, na baadhi ya watumiaji huhangaika. Nusu yake huchukua takriban siku tatu kutoka mwilini, hivyo hufikia kiwango thabiti baada ya wiki mbili hivi. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huziacha dawa hizo zipishane kwa wiki kadhaa.

Kinachonishughulisha zaidi ni huko kutotulia. Mwulize mdogo wako kwa upole: ni miguu inayomkatalia kukaa, au ni mawazo? Mwenye akathisia, yaani mhangaiko unaoletwa na dawa, hutikisa miguu, hupokezana mguu wa kusimamia, na kwa kawaida mwenyewe hulalamika kwamba hali hiyo inamtesa. Ambaye ugonjwa unamrudia huweza kunyamaza katikati ya sentensi kama anayemsikiliza mtu mwingine, au kuanza kumshuku anayempakulia chakula, na mara nyingi hakubali kwamba kuna tatizo. Mambo haya mawili huweza pia kuja pamoja, kwa hiyo uamuzi wa mwisho si wenu wala si wangu kwa barua.

Msirudishe dozi wenyewe, wala msiikatize iliyobaki. Pigieni kliniki leo bila kungoja tarehe ya miadi, kwani akathisia hutibika: daktari anaweza kupunguza aripiprazoli, kuihamishia asubuhi, au kupunguza olanzapini kwa mwendo wa polepole zaidi. Mgonjwa akizungumzia kufa, au sauti zikimwamuru kufanya jambo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwambieni daktari pia kama anavuta sigara au ameacha karibuni, maana moshi wake huharakisha kuvunjwa kwa olanzapini mwilini.

Mama asilaumiwe kwa kuitetea dawa ya zamani. Katika CATIE, utafiti wa Marekani uliolinganisha dawa za skizofrenia na kuchapishwa mwaka 2005, asilimia 74 ya wagonjwa waliacha dawa ya kwanza waliyopangiwa kabla ya miezi 18 kwisha. Olanzapini ndiyo waliyodumu nayo zaidi, na ndiyo iliyowanenepesha zaidi. Kliniki ikiona ni lazima kuirudia, hilo si kushindwa. Itabaki kazi ya kupima uzito, sukari na mafuta ya damu kwa ukaribu zaidi kuliko ilivyofanyika awali.