Uliza Ujibiwe: Sisi kina Livingstone wa Mpwapwa tuna ukoo Uskoti?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mimi msomaji wako wa siku nyingi hapa Mpwapwa. Babu yangu mzaa baba alibatizwa akaitwa Livingstone, basi tangu hapo jina lake ndo limekuwa la mwisho kwenye vyeti vyetu wajukuu wote. Sasa mtoto wa baba mdogo yuko masomoni Glasgow, juzi katuma picha kwenye grupu la wasapu la familia, yuko dukani kashika skafu ya miraba imeandikwa ni ya ukoo wa Livingstone, anasema jamani kumbe tuna ukoo huku, na maana ya jina letu ni "jiwe lililo hai". Shangazi akaja juu, anasema sisi Wagogo, ukoo wa Wazungu tumeutoa wapi. Grupu limechafuka siku 3. Nani mkweli? Halafu cha pili, cheti changu kimeandikwa Livingston bila e mwishoni ila mdogo wangu anayo e, yupi yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili nikacheka peke yangu, manake huyo kijana wa Glasgow na shangazi wote wana pointi na wote kuna mahali wameteleza. Tuanze na jiwe kwasababu ndo rahisi, hakuna jiwe hapo. Karne ya 12, enzi za mfalme David wa Kwanza aliyetawala Uskoti kuanzia 1124 mpaka 1153, kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Leving, alikuwa na ardhi yake magharibi ya Edinburgh. Kwenye maandishi ya Kilatini pakaitwa Villa Leving, na wenyeji wakasema Levingestun, hiyo tun ni shamba au kijiji kwa lugha yao ya zamani, kwahiyo ni Kwa Leving tu, kama sisi tunavosema Kwamtoro. Watu wakatamka wakatamka mpaka ikawa Livingston, na mji upo mpaka leo, mwaka 1962 serikali ikaamua kuupanua uwe mji mpya wa kisasa.

Wakubwa waliokuwa wanashika ardhi ile wakajiita kwa jina la mahali, wakawa kina Livingston, na hao hawakuwa watu wadogo. Mfalme James wa Kwanza alipouawa 1437 akaacha mtoto wa miaka 6, mmoja wa waliokuwa wanagombania kumshika huyo mfalme mtoto alikuwa Sir Alexander Livingston wa Callendar. Ndo hao hao kwenye habari ya chakula cha jioni cha 1440 ndani ya ngome ya Edinburgh, vijana wawili wa ukoo wa Douglas wakakaribishwa mezani na mfalme mdogo, wakaishia kukatwa vichwa. Waskoti wanasimulia kwamba kwanza kililetwa kichwa cha ng'ombe dume mweusi kwenye sinia kama ishara ya kifo, hicho kichwa mi nakiweka kwenye hadithi lakini vijana kweli waliuawa. Baadae kukawa na Mary Livingston, mmoja wa wale kina Mary wanne waliomhudumia malkia Mary wa Uskoti. Wakapanda mpaka cheo cha earl, yaani mmoja wa mabwana wakubwa wa nchi, wakaja kupoteza vyote 1716 kwasababu mkuu wao aliunga mkono upande ulioshindwa kwenye uasi wa mwaka uliotangulia.

Sasa sikiliza vizuri hapa mwanangu, manake hapa ndo kesi yenu inapogeuka. Yule daktari wetu wa Ujiji, David Livingstone, hatoki kwa hao.

Yeye asili yake ni upande mwingine kabisa wa nchi, pwani ya magharibi kwenye visiwa, kwa watu waliokuwa wanaongea Kigaeli, lugha ya asili ya huko. Huko kulikuwa na ukoo unaitwa MacLea. Mac ni "mwana wa", kama bin ya watu wa pwani, na hiyo Lea wengine wanaitoa kwenye neno la mganga, yaani Mwana wa Mganga, wengine wanasema imefupishwa kutoka jina refu la babu mmoja, Donnsléibhe, ambalo ukilitamka mara tatu ulimi unakauka. Wazee wa ukoo huo wako kisiwa cha Lismore, ndo watunzaji wa fimbo ya Mtakatifu Moluag, mmonaki aliyefika kisiwani hapo karne ya 6 kuhubiri. Ni kijiti cheusi tu, hata mita moja hakifiki, lakini wamekabidhiana baba kwa mtoto karne na karne, na mkuu wa Lismore ndo alitambuliwa rasmi 2003 kuwa mkuu wa ukoo mzima wa MacLea.

Ilikuwaje MacLea wakawa Livingstone? Zamani watu wa huko milimani na visiwani hawakuwa na jina la ukoo lililoganda kama tunavolijua sasa, mtu alikuwa fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, babu akifa mnyororo unasogea. Ni sisi kabisa hiyo! Jina lako, la baba, la babu. Shida ikaja pale karani wa serikali au wa kanisa anayejua Kiingereza alipotaka kuandika jina moja kwenye daftari. Maelezo yanayotolewa sana kuhusu ukoo huu ni kwamba kwenye miaka ya 1640 bwana mmoja anaitwa James Livingston, wa kule kwa wakubwa, alipewa na mfalme haki ya kukusanya mapato ya ardhi za askofu huko Lismore, na MacLea wakaanza kutumia jina lake. Yaani walichukua jina la bwana mkubwa lenye harufu ya Kiingereza wakaliweka juu ya la kwao la Kigaeli. Nyumbani wakaendelea kuitana kwa Kigaeli, kwenye daftari Livingstone.

Kwahiyo mwambie shangazi, hao wenye skafu wenyewe jina walilikuta kwa mtu mwingine! Babu yako kabatizwa akalichukua la daktari, na mababu wa daktari walilichukua la mkusanya mapato. Tofauti yenu ni kama miaka 300 tu.

Na hao kina Livingstone wa visiwani walihama sana. David mwenyewe alieleza kwamba baba wa babu yake alikufa kwenye vita ya Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, vita iliyoisha ndani ya saa moja, upande wa kina Stuart, ukoo wa wafalme wa zamani, ukasambaratishwa. Kuna simulizi pia ya Livingstone mwingine siku hiyo hiyo, Donald, aliyeichomoa bendera ya watu wa Appin, waliopigana upande huo wa kina Stuart, kutoka kwenye mti wake akaizungushia mwilini akatoroka nayo, na bendera za wenzao zilizotekwa zilipelekwa Edinburgh zikachomwa moto hadharani na mnyongaji. Babu yake David alikuwa mkulima mdogo kisiwa cha Ulva, jirani na Mull, mtu wa Kigaeli ambaye aliweza kukutajia habari za familia vizazi 6 nyuma yake bila karatasi yoyote. Kakipande ka shamba hakakutosha kulisha watoto, mwaka 1792 akafunga mizigo akaenda Blantyre karibu na Glasgow kutafuta kazi kwenye kiwanda cha pamba.

Hapo alihama kabla mambo hayajaharibika. Waliobaki Ulva walifika kama 600 hivi kwenye miaka ya 1830, wakiishi kwa viazi na kuchoma mwani, majivu yake yalikuwa yanauzwa viwandani. Soko la mwani likafa, kisiwa kikanunuliwa 1835 na mwanasheria anaitwa Francis William Clark, viazi vikapata ugonjwa 1846, na huyo Clark akawafukuza wengi wao ndani ya miaka michache ili aweke kondoo. Mpaka leo ukienda unakuta kuta za nyumba zisizo na paa. Kisiwa kilirudi mikononi mwa wenyeji 2018, wamechangishana na kusaidiwa na serikali wakakinunua, na siku hiyo waliokuwa wanaishi humo hata kumi hawafiki.

David akazaliwa Blantyre 1813, familia nzima chumba kimoja kwenye nyumba ya wafanyakazi, akaanza kazi kiwandani ana miaka 10, kuunga nyuzi zilizokatika kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Ukisikia mji wa Blantyre huko Malawi ujue ni jina la hapo hapo kiwandani. Ndugu zake nao wakatawanyika, kaka yake John akaenda Kanada, mdogo wake Charles akaenda kusoma Marekani. Ukikutana na Livingstone wa Ontario huenda ni wa Ulva, huenda ni wa Lismore, huenda ni wa kule kwa wakubwa, jina peke yake halikwambii.

Sasa la kwenu. Daktari alikufa 1873 kijijini kwa Chitambo, wasaidizi wake kina Susi na Chuma na wenzao wakaubeba mwili mpaka Bagamoyo, ukaenda kuzikwa London Aprili 1874, na kuanzia hapo jina likawa kubwa kuliko ukoo. Wamisionari wa Kianglikana walifika hapo kwenu Mpwapwa 1876, miaka 3 tu baada ya kifo chake. Ukibatizwa unachagua jina, la Biblia au la mtu wa dini anayesifiwa, ndo maana Afrika Mashariki imejaa kina Livingstone, Stanley, Hannington na Wilberforce ambao hawajawahi kuona theluji. Susi mwenyewe, aliyekuwa Abdullah, alipobatizwa Zanzibar 1886 alichagua kuitwa David. Unaona? Aliyembeba alichukua jina la kwanza, babu yako akachukua la mwisho, na kwetu la mwisho la babu likakaa kama la kwanza, na wajukuu likarudi kuwa la mwisho tena, jina limezunguka kama daladala.

Undugu wa damu basi hamna, shangazi kashinda hapo. Kama mnataka kujua babu aliitwaje kabla ya ubatizo nendeni kanisani alikobatizwa mkaombe daftari la ubatizo, mara nyingi jina la nyumbani na la baba yake yako humo, hilo ndo la kufia nalo. Ya Uskoti hayatawasaidia, wao daftari zao za serikali za vizazi na vifo zinaanza 1855, na za parokia zinarudi nyuma mpaka karne ya 16 kwa baadhi ya sehemu, lakini humo hamumo. Skafu mwache avae, hakuna sheria inayomkataza na baridi ya Glasgow haiulizi ukoo.

Kuhusu e, mko sahihi wote. David mwenyewe ujanani alikuwa anasaini Livingston bila e kama baba yake, kwenye miaka ya 1850 ndo akairudisha kwa matakwa ya baba huyo huyo. Ila wewe sio David, wewe una mkopo na pasipoti za kuomba, kwahiyo nenda kwa wakili uape hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, kabla hujafika kwenye mirathi.

SWALI: Mzee, Livingston aliyesaini tamko la uhuru wa Marekani ni wa ukoo huo huo? Ni mimi mdau wa Moshi.

JIBU: Wa wale wakubwa, mdau. Kulikuwa na mchungaji John Livingstone wa Ancrum, kusini mwa Uskoti, alifukuzwa 1663 kwa msimamo wake wa dini akakimbilia Rotterdam. Mtoto wake Robert akakulia huko akijua Kidachi kama maji, akaenda Albany 1674 ambako Wadachi walikuwa wengi na Waingereza ndo watawala, kijana anayeongea lugha zote mbili unadhani atakosa hela? Akaoa mjane wa familia tajiri, 1686 akapewa hati ya eneo la kama ekari 160,000. Wajukuu zake ndo akina Philip aliyesaini 1776, na kitukuu Robert R. ndo alimwapisha George Washington 1789. Familia hiyo pia ilifanya biashara ya watumwa pale New York, jina lile lile ambalo karne iliyofuata mwingine alilitumia kuipigia kelele biashara hiyo huku kwetu.

SWALI: Nimesikia mtoto wa Dr. Livingstone alikufa vitani Marekani kwa jina la bandia. Kweli au chumvi? Mama Neema, Bagamoyo.

JIBU: Kweli mama. Robert, mtoto wake wa kwanza wa kiume. Baba yuko safarini miaka nenda rudi, mama alishafariki kule Zambezi 1862, kijana akatoka Afrika Kusini akafika Marekani 1864 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe akajikuta jeshini upande wa Kaskazini. Akajiandikisha Rupert Vincent. Akamwandikia baba yake kwamba amebadilisha jina ili asije akalivunjia heshima zaidi jina la Livingstone. Akatekwa vitani Virginia, akapelekwa gereza la Salisbury, North Carolina, akafa Desemba mwaka huo huo, miaka 18. Wafungwa wa pale walizikwa kwenye mitaro ya pamoja, bila jina lolote juu, la kweli wala la bandia.