Kabla hujamwaga waridi kwenye laivu, jiulize mwenyewe atapata ngapi

Mie ni mtu wa laivu, sifichi. Watoto wakilala na mama watoto yuko kwenye tamthilia zake, mie nachukua simu naingia TikTok kwa kijana mmoja wa huku kwetu Mombasa anacheza eFootball, gemu ya mpira, huku anatangaza mwenyewe kwa Kiswahili cha pwani, matusi hana ila mafumbo yake ukifungwa bao hulali. Basi nlikuwa kila jioni namrushia waridi, waridi ni gifti, zawadi ya picha ya ua unayomtumia mwenye laivu, na moja ni koini 1 tu ya TikTok, mara nimeongeza kitu kikubwa kidogo ili ataje jina langu, na akilitaja mie huyo nachekelea peke yangu gizani kama mjinga. Ilienda hivyo kama miezi mitatu mpaka siku moja nikakutana naye uso kwa uso, nikamuuliza we kijana, hizi gifti unapata kweli? Akanambia, "Mkubwa, waridi linanipa raha, lakini bando hailipwi kwa waridi."

Hapo ndo nikaanza kuchimba, na hili andiko ni la wewe ambaye unatoa pesa yako ya jasho ukidhani yote inamfikia.

Tuanze na TikTok manake ndo tuko wengi. Unanunua koini, koini zinageuka gifti, gifti kule kwa mwenye laivu zinageuka almasi, almasi ndo zinageuka pesa. Kila kugeuka kuna mtu ana kisu. Inasemekana mwenye laivu anabaki na kama nusu hivi ya thamani, na hapo hajatoa pesa bado. Mwaka 2022 BBC walijaribu wenyewe, walituma gifti za dola 106 kwenye laivu kutoka kambi za wakimbizi Syria, kwenye akaunti zikaingia dola 33, na baada ya duka la kutolea pesa na watu wa kati kuchukua chao ikawa familia ingebaki na dola 19. TikTok wakasema wao mkato wao uko chini sana ya asilimia 70, sawa, lakini hata tukiwaamini bado inauma.

Na kuna kitu nlikuwa sikijui, nimekifanya muda wote kwa uzembe wangu: kununua koini ndani ya app ya iPhone. Apple ana asilimia yake, kawaida 30, kwa vitu vinavyonunuliwa ndani ya app, kwa hiyo koini zile zile ukiingia tovuti ya TikTok kwa brauza unazipata bei nafuu. Ni dakika mbili tu. Kama lazima utume gifti basi angalau usinunue pale.

YouTube hesabu yake iko wazi zaidi, hilo nawapa. Ukituma Super Chat, ile meseji ya kulipia kwenye laivu, au ukiwa memba wa kila mwezi wa chaneli, mwenye chaneli anapata asilimia 70. Lakini tena iPhone hiyo: Apple anakata kwanza ndo YouTube anagawa kilichobaki. Yaani dola 10 inakuwa 7, halafu asilimia 70 ya 7, mtu wako anapata dola 4 na senti 90, wakati ungetuma kwa kompyuta angepata 7. Jambo jingine ni kwamba pesa haitoki mpaka afikishe dola 100, sasa chaneli ndogo inaweza kukaa miezi na hela iko pale inaonekana tu kama nyama kwenye kioo cha bucha.

Twitch, mtandao wa laivu za magemu, huku kwetu wachache, nitapita haraka. Bits ndo koini zao, moja inampa mwenye laivu senti 1 ya dola na wewe umeinunua kwa zaidi ya hapo, sabu, yaani malipo ya uanachama wa mwezi, wengi wanagawana nusu kwa nusu na kampuni. Ila kama una ndugu Marekani analipia Amazon Prime, mwambie ana sabu moja ya bure kila mwezi na pengine hata hajui. Binamu yangu alikaa nayo miaka bila kuigusa!

Sasa M-Pesa. Hapa ndo penyewe kwa watu wa Kenya. Shilingi mia moja kushuka chini hukatwi hata ndururu. Mia mbili unakatwa 7, elfu moja unakatwa 13, na yeye inamfikia yote saa hiyo hiyo, hangoji dola 100 wala almasi. Akiwa na till, namba ya kulipia biashara, ndo raha zaidi, wewe mtumaji hukatwi kitu, yeye anakatwa asilimia 0.55 kwa malipo yanayopita mia mbili. Tatizo la M-Pesa ni namba. Kijana wa mpira haoni shida kuweka namba yake kwenye skrini, lakini dada anayepika laivu akiweka namba yake ya simu, usiku kucha ni wanaume wanapiga "mambo". Kwa hivyo kina dada nawaambia till. Pochi la Biashara, akaunti ya M-Pesa ya biashara ndogo, nayo ina faida kwamba mtu hawezi kutuma, akatajwa jina, akashangiliwa, halafu akarudisha pesa yake kimya kimya. Hao wapo. Na PayPal ndo wamejaa, mtu anaweza kufungua madai hata baada ya miezi, wewe ushalipa umeme na hiyo hela.

Lakini siwezi kusema gifti hazina kazi. Laivu bila gifti imelala, watu wakiona gifti kubwa ya simba inapita kwenye skrini wanaamka, wanakaa, na yule kijana anasema siku yenye waridi nyingi watazamaji wanaongezeka. Mie saa hii nafanya hivi: waridi chache za kuchangamsha, halafu mwisho wa mwezi mia tano kwenye till yake, kila mwezi, sikosi. Yeye mwenyewe ananambia afadhali mia tano ya kila mwezi kuliko elfu mbili ya siku moja halafu nipotee, manake ile ya kila mwezi anaipangia intaneti.

Moja la mwisho, na hili limenipata mwenyewe. Kuna jamaa walifungua akaunti yenye picha ya yule kijana, jina herufi moja tofauti, wakawa wanaweka namba kwenye komenti, "tuma hapa nikutaje". Mie mbio. M-Pesa ikanionyesha jina kabla sijathibitisha, jina silijui, nikasema pengine ni la mamake, nikabonyeza. Mia tano hiyo. Nikatuma ile meseji kwa 456 ili irudishwe, wapi, ishatolewa. Kesho yake nikamwambia kijana, akaisimulia laivu nzima, watu mia na kitu wanaangalia, kwa jina langu kamili. Si nlikuwa nataka kutajwa.