Barua kwa mwanangu: kitabu kilichomo kwenye begi la binti yako

Chang'ombe, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi mzima, goti tu ndilo linalolalamika asubuhi kukiwa na baridi. Ujumbe wako niliusoma kwanza bila miwani, nikausoma tena na miwani nisije nikakusingizia. Unauliza mbona binti yako amerudi Tabata na kitabu cha wakubwa kwenye begi, ilhali vile vitatu vya watoto ulivyomnunulia mwenyewe amevirudisha vipya kama vilivyotoka dukani. Na unataka nikuambie, kwa kuwa nashinda na kitabu mkononi tangu nilipostaafu reli, kipi ni cha watoto na kipi ni cha wakubwa. Hilo si la kujibu kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia.

Tuanze na vile vitatu. Nimevisoma vyote mchana mmoja, maana ni vyembamba. Picha nzuri, karatasi nzuri, Kiswahili hakina makosa. Lakini baba, zote ni hadithi moja. Mtoto anakatazwa kwenda mtoni, anakwenda, yanamkuta ya kumkuta, analia, anaomba radhi, bibi anamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ukurasa wa mwisho kuna maswali: hadithi hii inatufundisha nini? Binti yako hajamaliza hata kurasa tatu za kile cha pili akaniambia, "Bibi, huyu atatumbukia." Nikamwambia asome. Akafunua mpaka mwisho, akakuta kweli katumbukia, akakiweka mezani akaenda kuchambua mchele. Mtoto aliyekimbilia mchele ujue kitabu kimemshinda.

Sisi tuliosimuliwa hadithi jioni hatukulishwa hivyo. Umemsahau yule Sungura wa kisima? Jua kali, mito imekauka, wanyama wote wanachimba, Sungura anasema ana shughuli zake. Maji yakipatikana anakuja kunywa, anaoga, anayavuruga, na kila mlinzi anayewekwa anamchezea shere, mpaka Kobe anapojipaka ulimbo mgongoni na kujizamisha humo humo. Sungura ni mvivu, mwizi na mwongo. Watoto wa Ugogo wanajua maji ni kitu gani, wanajua mtu wa namna hiyo kijijini angefanywa nini, na bado wote wako upande wake. Nilipomsimulia binti yako nikafika pale Sungura aliponasa, miguu yote minne, hakuniuliza kama atatoka. Aliniuliza, "Akatokaje?" Hakuna swali la mwisho wa ukurasa linaloweza kumtoa mtoto neno kama hilo.

Kwa hiyo nikaona nimpe kitu kisichomhubiria. Ninacho Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2015. Chenyewe Mwingereza Lewis Carroll alikitoa 1865, na tangu wakati huo hakijapata kumfundisha mtoto adabu yoyote. Kuna mahali Alisi anatembea na mama mmoja mkubwa wa kasri ambaye kila akiambiwa jambo lazima alitolee funzo, hata jambo lisilo na kichwa wala miguu. Na huku anatoa mafunzo amemwekea Alisi kidevu begani, kidevu chenyewe chembamba, kinachoma. Mtoto wa watu anavumilia kwa heshima. Binti yako alicheka mpaka akapaliwa na chai, akaniambia huyo ni fulani wa shuleni kwao. Jina nalihifadhi. Ila nisikudanganye, kesi ya mahakamani kule mwishoni alilala nayo, mimi pia nilipiga miayo.

Usije ukafikiri nakataa mafunzo. Baada ya hapo tulisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952, na humo funzo halikujificha hata kidogo, limeandikwa kwenye majina: mwema anaitwa Adili, ndugu zake ni Hasidi na Mwivu. Ungetegemea mtoto achoke. Hakuchoka, kwa sababu Shaaban anaanza na fumbo: kiongozi mwema, anayesifiwa na kila mtu, anafuga nyani wawili, na usiku anawachapa. Kwa nini mtu mwema afanye hivyo? Tulikuwa tumekaa barazani, umeme umekatika, nasoma kwa tochi ya simu, na kila nikitaka kusimama ananisukuma kiwiko. Akishajua nyani ni akina nani, akawa na shida nyingine: je, Adili bado ni mwema akiwa ameshika mjeledi, hata kama ameamriwa na jini? Nikamwambia hata mimi silipendi. Kitabu hakikuharibika kwa sisi wawili kutolipenda.

Sasa hicho cha kwenye begi. Ni Peponi, cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa Tuzo ya Nobel 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka 1994, na huyo huyo Ida Hadjivayanis akakileta kwa Kiswahili, Mkuki na Nyota wakakichapa 2022. Miaka 28 kitabu kinachosimulia pwani na bara yetu kimezunguka dunia kabla hatujakisoma kwa lugha ambayo watu wake wanaizungumza. Haya, kimefika.

Kinaanzia kwenye mji wa reli, na unajua mama yako na reli. Kawa ni mji wa kubuni, lakini kila aliyekaa dirisha la tiketi kwenye vituo vidogo vya Reli ya Kati ameuona: ulichangamka Wajerumani walipokuwa wanajenga, walipoondoka ukapooza, na watoto wake wanakwenda stesheni kutazama treni kwa kuwa hakuna kingine cha kutazama. (Dodoma reli ilifika 1910, sisi tuliponea kwa kuwa mambo mengine yalikuja baadaye.) Humo yumo Yusuf, miaka 12, mwaka mmoja tu kumzidi binti yako. Anasimama jukwaani anawatazama Wazungu wawili, mmoja anamkenulia meno, mtoto anatoka mbio. Baba yake ana kihoteli. Kuna tajiri anaitwa Aziz, huja kuwatembelea, na Yusuf anamhesabu kuwa ni ndugu wa damu, anampenda hasa kwa sababu kila akiondoka humwachia sarafu. Siku moja anaambiwa atasafiri naye kwa treni. Anafurahi. Ni huko dukani pwani ndipo Khalil, kijana aliyemtangulia, anamweleza: huyu si ndugu yako, baba yako anadaiwa, wewe ni rehani.

Hapo binti yako alinyamaza. Halafu akauliza, "Bibi, baba yake alijua?" Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema, "Alijua, ila hakusema." Akataka niendelee.

Ndiyo hiyo sababu yangu, baba, ukitaka kuijua. Vitabu ulivyonunua vinamwogopa mtoto. Vinadhani ukimwachia jambo bila kulifungia kamba atalipoteza. Gurnah hakumwandikia mtoto hata mstari mmoja, lakini anamwachia msomaji nafasi, na mtoto wa miaka 11 akiikuta nafasi hiyo anaingia bila kupiga hodi.

Lakini nisikilize vizuri: tulisoma sura ya kwanza tu, tena mimi nikiwa msomaji. Hata humo kuna bibi mmoja mteja wa dukani anayemtania Yusuf kupita kiasi, nikapita hapo taratibu kama basi kwenye tuta, mistari mingine sikuitamka. Huko mbele kuna ukatili wa njiani na tamaa za watu wazima, na bibi wa nyumba ya tajiri ambaye habari zake zitamfaa akiwa na umri mwingine. Amekichukua kitabu ili aendelee kusoma ile sura moja, ameniahidi. Kama ungependa kukikalia wewe mpaka akue, sawa. Ila ukikikalia, kisome.

Mimi mwenyewe kilichonikamata ni safari ya bara. Msafara wa Aziz unaingia ndani na bidhaa, na midomoni mwa wale wafanyabiashara watu wote wa huku ni washenzi. Neno hilo linarudi na kurudi. Nilikifunga nikaenda kumwagilia mchicha. Unajua historia yetu: misafara ya pwani ilipita Ugogo karne ile ya 19, na watemi wetu waliwatoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji. Wasafiri waliandika malalamiko tele kuhusu hongo ya Wagogo, utadhani maji ya nchi kavu kama hii yalikuwa ya bure. Sasa nikajiuliza, na huyu Mzanzibari naye anatutazama hivyo hivyo kutoka kwenye msafara?

Nilipokirudia nikamkuta Chatu. Ni mtawala wa huko bara, anaukamata msafara na mali yote, na wenyewe wanamwona nyoka kama jina lake. Lakini Gurnah anamwachia aseme, na akisema, ana hesabu: alikuja mfanyabiashara kabla yenu, mwenzenu, akatudhulumu akakimbia, basi hii mali ni deni. Kitabu kinachoanza na mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, sasa kinamweka tajiri mwenyewe mahali pa kulipa deni la mwenzake. Nilipenda sana hapo. Kisha anatokea Mzungu, anaamua kesi kama vile nchi ni yake, na kila mmoja anaanza kuelewa kwamba biashara hii imekwisha. Mwisho sikumalizii, ila nitakuambia kwamba nilikasirika na Yusuf siku mbili nzima, na hata leo sijui kama nina haki.

Bado nina neno na mwandishi. Nyumbani kwa Chatu hatuingii. Tunaketi uwanjani na wafungwa, tunasikia anachosema, basi. Mkewe anasema nini, kisima kiko wapi, nani alilia alipodhulumiwa mara ya kwanza, hatujui. Hilo halimpunguzii Gurnah, yeye ameandika cha kwao. Nangoja mtu wa Mvumi au Bahi, huku kwetu Ugogo, atuandikie ile safari kutokea upande wa aliyekaa kisimani, na akiandika nitauza hata kuku ninunue.

Kati ya vitabu hivyo nilisoma tena Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, kwa kuwa nilisikia filamu yake imetoka 2021 nikataka kukumbuka. Yasmini, aliyeozwa akiwa binti wa miaka 15 kwa mzee Raza, bado ananivuta. Denge, mpigania uhuru wa humo, na siasa zake ananichosha kidogo, nadhani kwa kuwa nimeshawasikiliza wanaume wengi wa aina hiyo wakati nawakatia tiketi.

Nimalizie na lile uliloliandika mwishoni kama vile si kitu, kwamba mkeo amemsikia mtoto akitaja Rosa Mistika. Alikiona kabatini, akasoma jalada, nikakipandisha juu. Si kitabu cha miaka 11. Kwa hilo tunakubaliana. Ila sababu yako na yangu si moja. Wewe unaogopa kwa kuwa ulisikia kilipigwa marufuku mashuleni kilipotoka miaka ya sabini mwanzoni, na umesahau kwamba baadaye kikawa kitabu teule. Mimi namzuia kwa sababu Kezilahabi alikiandika kwa ajili ya baba. Zakaria, mlevi wa Namagondo kule Ukerewe, anamcharaza Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana. Barua tu. Tangu siku hiyo msichana anaogopa wanaume, na akishatoka nyumbani kwenda masomoni, hofu inageuka kitu kingine kabisa, mpaka mauti. Kwangu, mwisho wake una misiba inayofuatana mno, kana kwamba mwandishi alikuwa na gari la kuwahi. Lakini zile kurasa za mwanzo, za baba na barua, sijaona mtu mwingine aliyeziandika vizuri kuliko yeye.

Nimesikia kwamba mwezi uliopita ulipekua daftari la binti yako. Mkeo hakunisimulia kwa ubaya. Hicho Rosa Mistika nimekifunga gazeti, nitampa jirani anayekuja Dar Jumatano kwa treni ya SGR. Ni chako, kisome kwanza, halafu ndipo tuzungumze habari za begi. Kuwa mwangalifu nacho, jalada limeachia upande mmoja, na kilikuwa cha baba yako pamoja na zile riwaya zake za kijasusi za Willy Gamba. Karanga na mlenda mkavu viko kwenye mfuko wa kitenge, karanga uzianike kidogo kabla ya kukaanga. Na likizo ijayo mlete mtoto mapema, tumebakiza riwaya ya Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed kwa ajili yangu, na kwa ajili yake natafuta kitu, nimemwomba mama wa maktaba ya mkoa aniangalizie.

Mama yako