Maswali yenu: Kalgoorlie, mji wa dhahabu uliokosa maji

Makala yangu iliyopita iligusa kidogo tu Kalgoorlie, mji wa dhahabu katika nyika kavu ya Australia Magharibi, karibu kilomita 600 mashariki ya Perth. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotarajia. Haya hapa machache.

Nani aliiona dhahabu ya huko kwanza? (Kahama)

Vitabu vinawataja Arthur Bayley na William Ford, waliookota dhahabu Coolgardie mwaka 1892. Septemba ile Bayley alipanda farasi hadi Southern Cross kwenda kuandikisha eneo lao, akaweka mbele ya ofisa wa madini aunsi 554. Wewe wa Kahama unajua kilichofuata: rashi, watu kumiminika kutafuta dhahabu. Juni 1893 Waairishi watatu, Paddy Hannan, Tom Flanagan na Dan Shea, wakapata nyingine mbele kidogo, na hapo ndipo ilipo Kalgoorlie leo.

Lakini pale hapakuwa patupu. Wangkatja, wenyeji wa asili, na jirani zao walikuwa na nchi yao, na hata jina la mji linatokana na Karlkurla, mmea wenye tunda linaloliwa. Wao waliishi kwa kujua vishimo vya miamba vinavyohifadhi maji ya mvua. Wageni waliwanywesha humo farasi na ngamia wao mpaka vikakauka. Dhahabu ilikuwa kitu kidogo mno kwa wenyeji. Maji ndiyo waliyoporwa.

Sasa watu wote wale walikunywa nini? (Chunya)

Maji ya chumvi yaliyochemshwa. Yalichotwa kwenye visima na maziwa ya chumvi, yakapikwa kwenye matangi ya chuma, mvuke ukapozwa ukawa maji, kisha yakauzwa kwa galoni. Kuni zilikwenda mpaka miti ikaisha kuzunguka kambi. Kuoga ilikuwa anasa, na homa ya matumbo iliua watu wengi kambini.

Nimesikia injinia wa bomba la maji alijiua kwa sababu alifungua koki na maji hayakutoka. Kweli? (Mombasa)

Si kweli, ingawa simulizi hiyo haifi. Injinia huyo ni C. Y. O'Connor, aliyejenga pia bandari ya Fremantle. Mpango wake ulikuwa kujenga bwawa Mundaring, karibu na Perth, na kuyasukuma maji kwa bomba la chuma la kilomita 530, kwa vituo vinane vya pampu za mvuke, yakipanda zaidi ya mita 300. Msomaji wa Mombasa, hiyo ni zaidi ya safari yako ya Nairobi, na maji yote yanapandishwa! Lengo lilikuwa galoni milioni 5 kwa siku.

Magazeti na wabunge walimwandama wakimwita mpotevu wa fedha za umma. Tarehe 10 Machi 1902 alipanda farasi wake hadi ufukweni, kusini ya Fremantle, akajiua. Barua aliyoiacha ilimalizia kwa agizo la kazi: kuta za pembeni za bwawa zijengwe mara moja. Sijui kama kuna injinia aliyewahi kuandika sentensi nzito kuliko hiyo. Maji yalifika Kalgoorlie Januari 1903, miezi kumi baada ya kifo chake. Koki aliyodhaniwa kuifungua ilikuwa bado haijawekwa.

Ngamia walifikaje huko? (Garissa)

Kwa meli, pamoja na wachungaji wao. Waliitwa "Waafghani" wote kwa jumla, ingawa wengi walitoka sehemu ambazo leo ni Pakistan na India. Kabla ya reli, unga, mbao na hata vipuri vya mashine vilipanda mgongoni mwa ngamia. Barabara kuu ya Kalgoorlie ni pana kupita kiasi kwa sababu msafara wa ngamia ulihitaji nafasi ya kugeuka. Malori yalipoingia, wenye ngamia waliwaachia mwituni badala ya kuwapiga risasi, na wajukuu wa ngamia hao bado wanazurura.

Waafrika hawakwenda kwenye rashi hiyo? (Bukavu)

Mlango ulikuwa umefungwa kisheria. Sheria ya madini ya 1904 ilimnyima mgeni wa "Asia au Afrika" haki ya kuchimba. Mwafghani aliweza kubeba dhahabu ya wengine, kuichimba hapana.

Kuna mchimbaji aliyeokolewa na wapiga mbizi jangwani? (Geita)

Yupo: Modesto Varischetti, Mwitaliano. Machi 1907 dhoruba ilimwaga mafuriko kwenye mgodi mmoja wa Bonnie Vale, karibu na Coolgardie. Wenzake walitoka, yeye akabaki ndani kabisa, kwenye uchimbo uliopanda juu, ambamo hewa ilinaswa na maji. Walijua yu hai kwa sababu aligonga mwamba. Wapiga mbizi wakaletwa mbio kwa treni maalumu kutoka pwani. Frank Hughes, mpiga mbizi aliyekuwa pia mchimbaji, alipapasa kwenye giza la tope akiburuta mpira wa hewa mpaka akamfikia, akampelekea chakula na mishumaa. Pampu zilipopunguza maji, siku ya tisa, alitolewa. Baadaye akarudi kuchimba, na wewe wa Geita hutashangaa.

Dhahabu ipo bado? (Geita tena)

Ipo. Maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wa zamani, yamemezwa na shimo moja la wazi, urefu kilomita 3.5, kina kama mita 600. Barrick, kampuni ya migodi ya North Mara na Bulyanhulu, walimiliki nusu yake hadi 2019. Na wenye mgodi mkubwa wa hapo kwenu, AngloGold Ashanti, wanachimba mgodi wa Sunrise Dam, kaskazini-mashariki ya Kalgoorlie.

Na bomba? (Chunya)

Linafanya kazi. Ukisafiri kwa gari kutoka Perth utaliona kando ya barabara, saa baada ya saa, na ukifika Kalgoorlie chai utakayonywa imepikwa kwa maji yake.